Ikazwe Ipi? Uhakiki wa Karatasi ya Maelezo ya Gia za Baiskeli

Wahakiki wa tafsiri katika nchi yetu wamezoea kuzitazama kazi za fasihi. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi katika mwaka 1969, lile neno "mabepari" lilijadiliwa na bado linajadiliwa na walimu na wanafunzi, kwa kuwa mfasiri angeweza kusema "mfanyabiashara" na hakusema. Mjadala huo una faida yake. Lakini tafsiri zinazoingia katika nyumba nyingi zaidi hazihakikiwi na mtu yeyote. Hizo ni karatasi zilizokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, ya majiko, ya pampu na ya vipuri. Hazina jina la mfasiri, hazina mwaka, na msomaji wake hana mwalimu wa kumwuliza. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki moja ya karatasi hizo kwa uzito uleule unaopewa tamthilia, maana tumeyaona madhara yake kwa macho yetu.

Karatasi yenyewe ina kurasa mbili. Huja pamoja na kile kifaa cha nyuma cha baiskeli kinachouhamisha mnyororo kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine, ambacho katika makala haya tutakiita kihamishi. Kusudi lake ni kumwelekeza mtu aliyebadilisha vipuri nyumbani kwake ili aweze kuzipanga gia mwenyewe. Jina la kampuni tunaliacha, kwa sababu makosa tunayoyaeleza si ya kampuni moja. Tena ni haki tuseme mapema kwamba Kiswahili cha karatasi hii si kibovu. Tahajia ni sahihi, upatanisho wa kisarufi ni sahihi, wala hakuna sentensi iliyokatika njiani. Mtahini wa kidato cha nne angeipa alama nzuri. Hata hivyo, tulipoisoma kwa sauti mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, huku fundi akiifuata neno kwa neno, kazi haikufika mwisho wa ukurasa wa kwanza.

Jambo hilo lilitokea Mwigobero, kwenye mwalo wa mji wa Musoma. Mashua za kwenda Kinesi, ng'ambo ya Ghuba ya Mara, huondokea hapo. Dagaa hushushwa hapo, na mizigo huondoka ufukweni kwa mikokoteni, kwa pikipiki na kwa baiskeli. Baiskeli za kazi ni zile za Phoenix kutoka China, na Avon na Hero kutoka India, ambazo kwa kawaida hazina gia. Lakini kwa miaka mingi sasa zimeingia pia baiskeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya, zenye gia tano, sita au zaidi. Mtu akisimama kidogo mbele ya mafundi ataona jambo la kusikitisha: baiskeli kadhaa za namna hiyo zimeng'olewa gia. Mnyororo umekatwa ukawa mfupi, kihamishi kimetupwa, na baiskeli iliyotengenezwa ipande kilima kwa urahisi imegeuzwa kuwa Phoenix nyembamba. Mafundi hawafanyi hivyo kwa kutojua kazi. Wenye baiskeli ndio wanaowaomba, baada ya kuhangaika nyumbani na kukata tamaa.

Karatasi hii tuliletewa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa mjini humo. Baiskeli yake ilikuwa na gia sita nyuma na gurudumu moja la meno mbele. Mnyororo ulikuwa umelika na kihamishi kimepinda, akanunua vyote viwili vipya, akavifunga mwenyewe nyumbani siku ya Jumamosi. Friwili, yaani lile fungu la magurudumu ya meno ya nyuma, aliiacha ileile ya zamani. Alipopanda na kukanyaga kwa nguvu, mnyororo ukaruka. Akaifungua karatasi, nayo ikamwambia kwamba mnyororo ukiruka arekebishe gia kwa kulegeza "skrubu ya juu". Akailegeza. Mnyororo ukaendelea kuruka, akailegeza zaidi. Jumatatu asubuhi, kwenye kilima, alipoweka gia nyepesi kuliko zote, kihamishi kiliingia katika spoku za gurudumu linalozunguka. Spoku saba zilikatika, kihamishi kipya kikavunjika, na mwalimu akaanguka na kuumia kiwiko. Jioni alipewa shauri lile la siku zote, kwamba zing'olewe gia ibaki moja, naye akakubali.

Tunasema kwamba mwalimu huyu aliangushwa na maneno mawili, "kuruka" na "juu".

Tuanze na kuruka. Katika karatasi kitenzi hiki kimetumika kwa mambo matatu ambayo hayana undugu. Jambo moja ni lile lililompata mwalimu. Mnyororo mpya una pini zilizopangwa kwa umbali wa nusu inchi kamili, yaani milimita 12.7, hata ukihesabu nafasi 24 unapata inchi 12. Kadiri unavyotumika, pini na matundu yake hulika, na mnyororo hurefuka. Nafasi zile 24 zikifikia inchi 12 na moja ya kumi na sita, wakati wa kuubadilisha umefika. Zikifikia inchi 12 na moja ya nane, basi kwa kawaida meno ya friwili nayo yamekwisha kulika kwa kuufuata mnyororo mkuukuu. Mnyororo mpya ukifungwa juu ya meno ya namna hiyo haukai: mguu ukitia nguvu, mnyororo hupanda juu ya ncha za meno na kuteleza. Hakuna skrubu inayoweza kuuponya ugonjwa huo. Dawa yake ni friwili mpya, na karatasi haikuitaja.

Jambo jingine ni pale mnyororo unapoliacha gurudumu la meno uliowekwa na kwenda la jirani bila mwendeshaji kuamuru. Chanzo chake huwa ni waya uliolegea au unaokwama, na hapo ndipo kupanga gia kunapofaa. Na jambo la mwisho ni mnyororo kupita ukingo wa friwili na kuanguka, ama upande wa fremu, ama upande wa spoku. Hilo ni kosa la mipaka ya kihamishi. Magonjwa matatu, dawa tatu. Karatasi imeyapa jina moja na dawa moja. Mafundi wa Mwigobero tuliozungumza nao hawayachanganyi. Kwao mnyororo "unaruka", "unahama" au "unatoka", na fundi akilisikia mojawapo ya maneno hayo amekwisha kujua achukue chombo gani. Msamiati ulikuwepo, umekomaa, umbali wa mita chache kutoka dukani. Mfasiri hakuuliza.

Sasa neno "juu". Kihamishi kina skrubu mbili ndogo za mpaka. Moja hukizuia kisiende nje kupita gurudumu dogo la meno, na nyingine hukizuia kisiende ndani kupita gurudumu kubwa na kuingia katika spoku. Kiwandani skrubu hizo hupigwa chapa za herufi H na L, ambazo ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza yanayotaja gia ya mwendo wa juu na gia ya mwendo wa chini. Mfasiri aliyafasiri maneno hayo kama yalivyo katika kamusi, juu na chini, na herufi zenyewe akaziacha. Msomaji aliyechuchumaa nyuma ya baiskeli, akiambiwa skrubu ya juu, hutazama ipi iko juu. Angefanya nini tena? Na skrubu hizo hazikai mahali pamoja katika vihamishi vyote: katika vingine H iko juu ya L, katika vingine ni kinyume, na katika vingine zimelala ubavu kwa ubavu. Katika kihamishi cha mwalimu iliyokuwa juu ni L. Kwa kuilegeza aliufungua mlango wa spoku, naye akidhani anatibu kuruka kwa mnyororo.

Hapa twaona mfasiri ametenda kosa ambalo sisi sote tumewahi kulitenda, la kufasiri kilichopaswa kunakiliwa. Herufi iliyochongwa juu ya chuma haifasiriwi. Inanakiliwa, kisha inaelezwa. Sisi tungeandika "skrubu ya upande wa spoku, yenye herufi L" na "skrubu ya upande wa nje, yenye herufi H". Spoku haziwezi kuhama mahali pake, wala hakuna anayebishana ziko wapi.

Kwa sababu hiyohiyo hatupendi maneno "gia kubwa" na "gia ndogo" yaliyojaa katika karatasi. Nyuma ya baiskeli, gurudumu kubwa la meno ndilo linaloleta wepesi wa kupanda kilima. Mbele, kwa baiskeli zenye magurudumu zaidi ya moja, wepesi huletwa na lile dogo. Tena kuna wasomaji ambao kwao gia kubwa ni ya mwendo mkubwa. Mguu ndio shahidi asiyeyumba: gia ni nzito au ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tatu anajua ni ipi bila kuelezwa.

Kuna kosa jingine ambalo halikumdhuru mwalimu, kwa kuwa hakufika huko, lakini kwa wasomaji wa jarida hili tunaliona ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Tulipofika kwenye aya ya waya, fundi aliyeshika bisibisi alitulia, akatutazama, akauliza: "Mwalimu, ikazwe ipi?" Tukasoma tena. Sentensi ilisema kwamba ikiwa ngumu kuhama, ilegezwe nusu mzunguko kisha ijaribiwe, na isipohama iongezwe. Tukahesabu viambishi vitano vya i-, na vitu vinne vilivyotajwa katika aya ile, yaani gia, waya, skrubu na springi, vyote karatasi imevipa ngeli ya i-/zi-. Kisarufi hakuna kosa. Fundi alikuwa na haki ya kushika chochote kati ya vinne.

Kwa asili Kiswahili kina nguvu kubwa mahali hapa. Mtu akisema, "Kikiligusa, urudishe," aliyesimama karibu na baiskeli ataelewa bila jina hata moja kutajwa: kihamishi kikiligusa gurudumu, mkono wa gia urudishe. Silabi tatu zimebeba majina matatu. Zana kama hii hawanayo Waingereza, ambao hulazimika kulirudia jina kila mara au kuacha mashaka. Lakini maneno ya vyombo tunayoyakopa, karibu yote, huangukia katika ngeli ya i-/zi-: gia, skrubu, nati, springi, pedali, friwili, fremu, spoku, breki. Kwa hiyo kadiri ufundi unavyozidi kuwa wa kigeni, ndivyo viambishi vyetu vinavyopoteza kazi yake, na sentensi iliyo safi kabisa huwa fumbo. Sijui, kama tungeulizwa mmoja mmoja, ni wangapi kati yetu tuliowahi kulifikiria jambo hili wakati wa kupitisha istilahi. Tumezoea kuuliza kama neno linatamkika, kama ni la Kibantu, kama halijatumika kwingine. Yafaa tuulize pia: litakaa katika sentensi moja na maneno gani, na kiambishi chake kitagongana na cha nani?

Tusidhani kwamba dawa ni kuunda majina mapya tu. Waundaji wa istilahi nao wana maradhi yao, nayo ni ki-. Kihamishi, kizuizi, kikazio, kishikizo: tukivitia vyote katika aya moja tumelitoa tatizo katika i- na kulipeleka katika ki-. Tunakiri kwamba rasimu yetu ya kwanza ilikuwa navyo vyote vinne, na fundi aliuliza swali lilelile kwa herufi nyingine. Katika rasimu ya pili tulibakiza kihamishi peke yake. Waya tuliupa u-, kama wasemavyo wengi wanaosema waya huu na nyaya hizi. Ni kweli kwamba hapo hugongana na mnyororo, lakini katika kazi hii mnyororo hauvutwi wala haulegezwi, kwa hiyo hakuna wa kupotea. Mahali pengine popote tulirudia jina zima. Kurudia jina si aibu katika maelezo ya ufundi, hata kama walimu wetu wa insha walitufundisha vinginevyo.

Linaloambatana na hilo ni suala la "kaza" na "legeza". Mahali waya unapoingia katika kihamishi pana nati ndefu yenye tundu, na waya hupita ndani yake. Nati hiyo ikizungushwa kana kwamba inafunguliwa, hutoka nje kidogo, na kwa kutoka kwake waya hukazika. Kulegeza nati ni kukaza waya! Karatasi inasema "legeza" pasipo kutaja kinacholegezwa, na ukurasa unaofuata inasema "kaza" kwa tendo lilelile. Mafundi wana njia yao ya kuikwepa kona hii: nati hukazwa, waya huvutwa. Ukisema "vuta waya" hakuna atakayekimbilia spana. Tunaonelea tofauti hii ya kukaza na kuvuta ingestahili kuingizwa katika orodha zetu pamoja na watendwa wake, kama vile tunavyoingiza majina.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini usahihi wa namna hii haukuhitajika zamani. Zile baiskeli za Kiingereza zenye gia tatu ndani ya kitovu cha gurudumu, zilizotengenezwa na Sturmey-Archer huko Nottingham tangu mwanzo wa karne ya 20, zilipangwa kwa jicho. Uliweka gia ya pili, ukachungulia katika tundu la nati ya kulia, na kijiti cha ndani kikalinganishwa na ncha ya ekseli. Maelezo hayo hutoshea katika sentensi moja ya lugha yoyote. Baiskeli zenye kihamishi nazo kwa miaka mingi zilikuwa na mkono wa gia usio na alama. Mwendeshaji aliusukuma mpaka mnyororo uliponyamaza, na sikio lake ndilo lililokuwa fundi. Mambo yaligeuka mwaka 1984, kampuni ya Shimano ya Japani ilipotoa mfumo ambamo mkono husimama wenyewe kwa mlio, hatua moja kwa kila gia. Mfumo huo ulienea hadi kwenye baiskeli za bei ndogo, na ndio uliomo katika nyingi za mitumba inayofika Musoma. Tangu hapo usahihi uliokuwa mikononi mwa mwendeshaji umehamia katika waya, na milimita moja tu ya waya yatosha kuzivuruga gia zote. Ndiyo maana neno likiyumba, baiskeli nayo huyumba. Hatua ile ya mlio karatasi inaiita "kliki". Sisi twapendekeza kidato, neno la siku nyingi la alama zinazochongwa juu ya mnazi kwa ajili ya mkwezi, na ambalo walimu wamekwisha kulizoea kwa kazi nyingine.

Kuhusu majina hatutakawia. Kihamishi kinaitwa katika karatasi "kitoa-relini", kwa kulifuata neno la Kifaransa ambalo Waingereza nao wamelichukua, lenye maana ya kulitoa gari moshi katika njia yake. Reli haijafika Musoma. Msomaji wa huko akiliona neno hilo atawaza ajali ya treni, na tukizikumbuka spoku za mwalimu hatuwezi kusema amekosea sana.

Uhakiki usiotoa mfano ni rahisi mno, kwa hiyo tuliiandika upya sehemu ya katikati ya karatasi, tukisaidiwa na mafundi wawili. Kabla yake tuliweka aya fupi ya kupima mnyororo na friwili, kwa vipimo tulivyovitaja. Kisha yafuata haya:

"Legeza nati inayoshika waya, waya uwe huru. Mnyororo uwe juu ya gurudumu dogo la meno. Tazama kutoka nyuma ya baiskeli: kigurudumu cha juu cha kihamishi na gurudumu dogo la meno viwe katika mstari mmoja. Visipokuwa katika mstari mmoja, zungusha skrubu ya upande wa nje, yenye herufi H, mpaka viwe. Sasa zungusha pedali kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili sukuma kihamishi polepole kuelekea spoku. Mnyororo upande juu ya gurudumu kubwa la meno, usivuke. Ikiwa kihamishi kinaweza kuvuka, kaza skrubu ya upande wa spoku, yenye herufi L, mpaka kisiweze. Usiendelee na kazi kabla ya kuhakikisha jambo hili. Weka mkono wa gia katika kidato cha gia nzito kuliko zote. Vuta waya kwa koleo mpaka unyooke, kisha kaza nati inayoshika waya. Sogeza mkono wa gia kidato kimoja huku ukizungusha pedali. Mnyororo usipohama, vuta waya kwa kuzungusha nati ndefu nusu mzunguko, kinyume cha mwendo wa saa ukitazama kutoka nyuma. Mnyororo ukihama na kupitiliza, au ukikwaruza gurudumu la meno linalofuata, legeza waya kwa kuzungusha nati ndefu upande wa pili. Fanya hivyo kwa kila kidato."

Tulimpa kijana mwanagenzi ambaye hajawahi kupanga gia, tukakaa mbali tusimsaidie. Alimaliza baada ya saa moja hivi. Alikwama mahali pamoja, kwa kuwa tulikuwa tumeandika kigurudumu "kikae wima chini" ya gurudumu la meno, naye alikuwa ameipindua baiskeli juu chini, kama wafanyavyo mafundi wote. Chini kwake kulikuwa juu. Baada ya kumcheka mfasiri kwa neno lake "juu", tulikuwa tumetumbukia katika shimo lilelile. Ndipo tukaandika "mstari mmoja".

Huenda wengine wakatulaumu kwa kuacha skrubu, nati, friwili na gia zibaki kama zilivyo. Tunaielewa lawama hiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu toleo la kwanza la Tafsiri Sanifu la mwaka 1974 juhudi kubwa imefanywa ili lugha ya Taifa isiwe ghala la maneno ya watu. Lakini orodha ya istilahi, yetu na za wenzetu, kwa desturi ni orodha ya majina. Mtu akiwa na majina yote ya vipande vya baiskeli bado hajaambiwa afanye nini navyo. Katika kurasa mbili za karatasi hii kitenzi "rekebisha" kimetokea mara 14, na kila mara fundi alilazimika kukisia kama maana yake ni kukaza, kuvuta, kunyoosha au kubadilisha. Katika sehemu tuliyoiandika upya hakimo hata mara moja, na hatukulitafuta neno la kuziba nafasi yake: vitenzi vya mafundi viliijaza vyenyewe. Nani kati yetu aliyekwenda kwa fundi kwa ajili ya vitenzi? Tukienda, huwa tunanyosha kidole na kuuliza, "Hiki mnakiitaje?" Hutajiwa jina, tunaliandika, tunaondoka kabla kazi haijaanza.

Neno moja limetushinda. Kihamishi hakifungwi kwenye fremu moja kwa moja. Kinaning'inia kwenye kipande kidogo cha chuma kilichotokeza karibu na ekseli, na kipande hicho kikipinda, gia hazipangiki mpaka kinyooshwe. Katika baiskeli ya mwalimu kilikuwa kimepinda tangu kihamishi cha kwanza, na karatasi haikukigusia. Mafundi wawili walikiita sikio, wa tatu akakiita ndoano, na wa nne alituambia kwamba hahitaji jina lake, maana akikiona hukinyoosha. Wasomaji walio karibu na mafundi wa Tabora, Shinyanga, Pemba na kwingineko, tunawaomba watuletee jina linalotumika kwao, pamoja na sentensi ambamo wamelisikia.